The Godfather ya kwanza au ya pili: ipi uitengee jioni yako?

Watu wakiniomba ushauri wa sinema za zamani, mazungumzo hayachelewi kufika kwa The Godfather, na swali huwa lile lile: nianze na ipi? Wengi wameshasikia kwamba ya pili inaishinda ya kwanza, kwa hiyo wanataka kuruka. Wengine waliiona ya kwanza miaka mingi nyuma, nusunusu, kwenye televisheni ya sebuleni huku watu wakipita mbele, na sasa wamepata jioni moja tulivu wasiyotaka kuipoteza.

Kama hujawahi kuona yoyote, anza na ya kwanza. Hilo kwangu halina mjadala. Kazi ipo kwa yule aliyekwisha kuiona na anajiuliza airudie hiyo au aingie kwenye ya pili. Nimezitazama zote mbili mara nyingi, na ninachojua ni kwamba hazifai jioni ya aina moja wala watazamaji wa aina moja. Nitataja mambo yanayotokea ndani yake, maana huwezi kulinganisha bila kugusa. Anayekufa mwishoni mwa ya pili tu ndiye nitakayemwacha bila jina.

Kwanza yale ya kujua kabla ya kukaa. Ya kwanza ilitoka Machi 1972, ya pili Desemba 1974. Zote ziliongozwa na Francis Ford Coppola, na skripti aliandika yeye pamoja na Mario Puzo, mwenye riwaya ya 1969 iliyozaa hadithi yote. Ya kwanza ina dakika 175. Ya pili inapita 200. Ya kwanza ilipata Oscar 3 na ya pili 6, na zote mbili zilichukua ile ya filamu bora ya mwaka. Kabla ya hapo hakuna mwendelezo wa sinema yoyote uliowahi kuipata. Wanaoipigia debe ya pili hushika hesabu hii, na ni hesabu ya kweli. Lakini idadi ya tuzo haikuambii utakaaje kwenye kiti, wala utaamka na nini kichwani kesho yake.

Harusi na komunyo

Ya kwanza inaanza gizani. Bonasera, Mtaliano mwenye biashara ya mazishi, anaeleza jinsi binti yake alivyopigwa na vijana wawili ambao mahakama imewaachia wakaenda zao. Kamera inarudi nyuma taratibu mno, karibu dakika tatu, mpaka bega na mkono wa anayemsikiliza vinatokea. Ni Don Vito Corleone, mkubwa wa familia ya mafia, anachezwa na Marlon Brando, ana paka mapajani. Nje ya chumba hicho ni 1945, jua linawaka, na bintiye Don anaolewa. Kuna muziki, mvinyo, watoto wanaokimbizana, wazee wanaocheza. Bibi harusi ana mkoba wa hariri wa kupokelea bahasha.

Sinema inakaa hapo karibu nusu saa. Aliyezoea risasi za dakika ya tano anaweza kudhani hakuna kinachotokea, kumbe anajulishwa ukoo mzima: nani ana hasira za karibu, nani mlevi, nani amechukuliwa mtaani na kulelewa kama mtoto wa nyumbani, nani amekuja na sare ya jeshi na mchumba wa kabila jingine. Niliwahi kuitazama na shangazi yangu, mtu asiyependa kabisa sinema za bunduki. Alipoona bahasha zinaingia mkobani na watu wazima wakingoja zamu ya kumwona baba wa bibi harusi, alisogeza kiti. "Mwanangu, hawa ni watu wa wapi?" Nikamwambia Wasisili, Waitaliano waliohamia New York. "Basi wanajua harusi," akasema, na hakuinuka mpaka mwisho.

Humo humo ndimo jina la sinema linapoeleweka. Kwa Wakatoliki wa kwetu godfather ni baba wa ubatizo, yule anayemsimamia mtoto kanisani na ambaye, kwa desturi, hawezi kukupa kisogo ukiwa na shida. Mke wa Don ndiye mama wa ubatizo wa binti wa Bonasera, na bado Bonasera alikimbilia polisi kwanza. Don hazungumzii fedha. Kinachomuuma ni kwamba hakumbuki lini mara ya mwisho alikaribishwa nyumbani kwa Bonasera hata kwa kikombe cha kahawa. Undugu ni kufaana, si kufanana. Don Vito angeielewa methali hii bila kufafanuliwa, na hapo hapo angeigeuza kuwa mtaji. Anasaidia, halafu siku moja anakuja kudai. Mvuto wa sinema hii kwa miaka yote hii, kwa maoni yangu, umekaa hapo. Inaonyesha kitu tunachokitamani, mzee mmoja mwenye nguvu anayekusikiliza shida yako, na inakionyesha kwa joto kiasi kwamba unasahau gharama yake mpaka imeshachelewa.

Sasa chukua mwanzo wa ya pili. Baada ya utangulizi wa Sisili nitakaourudia baadaye, nayo inakupeleka kwenye sherehe: komunyo ya kwanza ya Anthony, mtoto wa Michael, yule mwana wa Don Vito ambaye sasa ameshika nafasi ya baba yake, kando ya ziwa Tahoe, Nevada, 1958. Wageni ni wengi kuliko harusini, fedha ni nyingi zaidi, na hakuna anayekula kwa furaha. Mzee Frank Pentangeli, mtu wa zamani wa familia, ametoka New York kuja kuongea na Michael na anawekwa kungoja. Anaomba bendi impigie tarantella, ngoma ya kwao. Wanamuziki hawaijui, wanaishia kupiga kiwimbo cha watoto cha Kimarekani. Anauliza chakula, analetewa biskuti yenye maini yaliyosagwa. Seneta anasimama jukwaani kuishukuru familia na anashindwa kulitamka jina lao sawasawa, kisha ndani ya ofisi anamtukana Michael usoni.

Ukiweka sherehe hizi mbili kando kwa kando, umeshapata nusu ya uchaguzi wako. Ya kwanza inakualika ndani. Ya pili inakuonyesha nyumba ile ile ikiwa haina tena mwenyeji, ingawa Michael yupo. Ndiyo maana nasema usiruke. Mzee Pentangeli akilia kwamba hapati soseji na pilipili zake, wewe uliyeona harusi unajua ni kitu gani kimepotea. Asiyeiona harusi anamwona mzee mmoja mlalamishi tu.

Kiberiti na pea

Wengi wanakumbuka kichwa cha farasi. Mimi nakumbuka vitu vidogo zaidi, na kila sinema ina chake.

Katika ya kwanza, Don ameshapigwa risasi kwenye genge la matunda akinunua machungwa. Michael, mwanawe wa kiume wa mwisho, anakwenda hospitali usiku na kukuta walinzi hawapo. Huyu ndiye mtoto aliyetakiwa kukaa mbali na kazi ya familia. Amerudi kutoka vitani na medali, ana mchumba wake Kay, na harusini alimwambia Kay wazi kwamba hayo ni ya familia yake, si yake yeye. Anahamisha kitanda cha baba. Anatokea Enzo, kijana mwoka mikate, ameshika maua. Ni yule yule ambaye siku ya harusi aliombewa kwa Don abaki Marekani asirudishwe Italia. Wawili hao wanakwenda kusimama kwenye ngazi za mlangoni, kola za makoti zimeinuliwa, mkono mfukoni kana kwamba wana bunduki. Gari linakuja, linapunguza mwendo, waliomo wanawatazama, linaondoka. Enzo anatoa sigara, lakini mikono inamtetemeka hata hawezi kuiwasha. Michael anamchukulia kiberiti cha gesi, anamwashia. Kisha anautazama mkono wake mwenyewe. Umetulia kabisa.

Hakuna anayesema neno. Kijana anagundua kwamba kazi ya baba yake anaiweza, na uso wa Al Pacino, anayemcheza Michael, haukuambii kama jambo hilo limemfurahisha au limemtisha. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea sinema zilizotafsiriwa, ambapo sauti ya mtafsiri inajaza kila pengo. Kuna watu wenye kipaji kikubwa katika kazi ile na nimewacheka na kuwalilia. Ila mkono huu unataka kimya. Itazame na sauti yake yenyewe.

Muda mfupi baadaye Michael anakaa mezani kwenye mgahawa mmoja wa Bronx na watu wawili, Sollozzo, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na kapteni wa polisi, na bastola imefichwa nyuma ya tangi la choo. Wanaongea Kiitaliano, na sinema kwa makusudi haikupi maandishi ya tafsiri. Unabaki na macho ya Pacino, yanavyohama kushoto na kulia. Halafu mlio wa treni unaanza, unapanda, unakuwa mkubwa kuliko maneno, na hakuna treni yoyote unayoiona. Walter Murch, fundi wa sauti, ndiye aliyeuweka, na unasikika kama kitu kinachopiga ndani ya kichwa cha Michael. Studio ya Paramount haikumtaka Pacino, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba sini hii ndiyo iliyomnusuru asifukuzwe.

Ya pili haina sini ya kukufanya ushike kiti namna hiyo, au tuseme inayo moja, ya Vito kijana akitembea juu ya mapaa siku ya sikukuu ya mtakatifu huku Don Fanucci, mbabe wa mtaa, akipita chini kwenye umati. Nguvu yake iko kwingine. Sinema hii inakwenda na hadithi mbili kwa zamu: Vito kuanzia 1901 hadi anapoota mizizi New York, na Michael wa 1958 na 1959. Ya Vito imetoka kwenye riwaya ya Puzo. Ya Michael iliandikwa upya kwa ajili ya sinema. Robert De Niro ndiye Vito kijana, na karibu maneno yake yote ni ya Kisisili, lugha aliyojifunza kwa kazi hii. Alipata Oscar, kama Brando alivyoipata kwa mhusika huyo huyo.

Mwaka ni 1917. Vito anafanya kazi kwenye duka la vyakula. Fanucci anamlazimisha mwenye duka amwajiri mpwa wake, kwa hiyo Vito hana kazi tena. Mwenye duka anaona aibu, anamletea boksi la vyakula. Vito anamshukuru kwa heshima zote na kulikataa. Anarudi nyumbani, chumba kidogo, mwanga hafifu, na kutoka kwenye karatasi anatoa pea moja. Anaiweka mezani mbele ya mkewe. Mkewe anaisifia. Wanakaa kula.

Subiri hapo, kwa sababu sinema inakuandalia mwenzake wa pea hiyo. Upande wa Michael, baada ya safari ya Cuba ambako mkesha wa mwaka mpya wa 1959 serikali ya Batista inaanguka mbele ya macho yao, Michael anamuuliza Tom Hagen, mwanasheria wa familia, kama mwanawe alipata zawadi ya Krismasi kutoka kwake. Tom anasema alilishughulikia. Michael anauliza ilikuwa kitu gani, ili ajue. Ilikuwa kigari cha umeme. Baadaye tunakiona kiko nje peke yake kwenye theluji.

Baba asiye na kazi analeta tunda kwa mkono wake. Mwanawe mwenye kasino anauliza amempa mtoto wake nini. Coppola hakuweka maelezo yoyote katikati. Alipanga tu vipande viwili ndani ya sinema moja na kukuachia wewe uvikutanishe. Kwa kazi ya aina hii, ya pili iko juu ya ya kwanza, nakubali bila kusita.

Steringi ni nani?

Sisi tuna neno letu, steringi, na tunajua kanuni yake: steringi hafi, na steringi ndiye tunayemshangilia. Ya kwanza inacheza na kanuni hiyo vizuri sana. Unadhani steringi ni Don, analala hospitalini. Unadhani ni Sonny, mtoto mkubwa mwenye hasira, na yeye hapewi muda. Unamkuta Michael, unaanza kumshangilia, na kabla hujajua umeshangilia mauaji yanayofanyika huku yeye yuko kanisani, mbele ya padri, akijibu kwamba anamkataa Shetani, anamsimamia mtoto wa dada yake ubatizo. Kinanda cha kanisa hakikomi huku bastola zinalia mjini. Siku hiyo Michael anakuwa baba wa ubatizo kwa maana zote mbili. Kichanga kilichobatizwa ni Sofia, bintiye Coppola.

Katika ya pili steringi anageuka adui, na huna pengine pa kukimbilia. Ukitaka mtu wa kumshangilia unaye Vito wa zamani, lakini hata yeye unamwona anavyojifunza kuua na kurudi nyumbani kumpakata mtoto. Wapo wanaoichoka ya pili kwa sababu hii, na sidhani wamekosea. Wametaka kitu ambacho sinema yenyewe imeamua kuwanyima. Mimi naichukulia ya pili kuwa jibu la Coppola kwa watu waliotoka kwenye ya kwanza wakitamani kuwa kama Michael. Kama una mdogo wako anayeongea habari za akina Don kwa kuwapenda kupita kiasi, mwonyeshe zote mbili, usimwachie ya kwanza peke yake.

Milango inasema hilo hilo. Mwishoni mwa ya kwanza Kay yuko nje ya ofisi, anaona wanaume wakimbusu Michael mkono, na mtu wa Michael anausukuma mlango mpaka uso wa Kay unapotea. Katika ya pili kuna mlango mwingine, na Kay yuko nje yake, na safari hii anayeufunga ni Michael mwenyewe, polepole, anamtazama.

Mambo ya kutazamia

Hapa niseme kwa wepesi mambo ya vitendo, maana watu huharibiwa jioni na vitu vidogo.

Zote mbili zilipigwa picha na Gordon Willis, na zote mbili ni za giza. Alishusha mwanga kutoka juu kiasi kwamba mara nyingi macho ya Brando yamebaki kivulini na huyaoni. Wakati ule wakubwa wa studio walilalamika. Leo ndiyo sura ya sinema yenyewe: hudhurungi, dhahabu, na weusi mzito. Ukiitazama mchana kwenye simu, dirisha liko wazi, utaona uso wako. Ngoja usiku, zima taa, tumia skrini kubwa kadiri unavyoweza kuipata. Tafuta nakala iliyosafishwa kwa maadhimisho ya miaka 50, mwaka 2022. Nakala mbovu zilizorudufiwa mara nyingi zimegeuza giza kuwa tope. Ya pili inaumia zaidi kwa nakala mbovu, kwa sababu sehemu za Vito zina rangi ya picha ya zamani ya ukutani na sehemu za Michael zina baridi ya ziwa, na tofauti hiyo ndiyo inayokuambia uko mwaka gani.

Maandishi ya chini: kwa ya kwanza unaweza kuponea hata ukiyakosa machache. Kwa ya pili, kama hujui Kisisili na maandishi hayapo, umepoteza karibu nusu ya Vito. Hakikisha yapo kabla hujaalika watu.

Njama ya ya kwanza inaeleweka kwa mtazamo mmoja: kuna biashara ya dawa za kulevya ambayo Don ameikataa, na vita inaanzia hapo. Njama ya ya pili, ya nani aliyetuma watu wampige Michael risasi chumbani kwake, na mzee Hyman Roth, mshirika wa Michael katika biashara, anataka nini hasa, na kikao cha Seneti kinavyoingia, haishikiki vizuri mara ya kwanza. Usijilaumu ukipotea. Fuata nyuso, hasa ya John Cazale anayemcheza Fredo, kaka wa kati. Cazale aliigiza kwenye sinema ndefu 5 tu kabla ya kufariki 1978, na zote 5 ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Katika ya kwanza yuko pembeni. Katika ya pili ndiye anayebeba maumivu ya sinema nzima, na anafanya hivyo akiwa amejilaza nyuma kwenye kiti, akijitetea kwamba na yeye ana akili, na yeye alistahili kuheshimiwa.

Watoto wadogo wasiwepo kwa yoyote. Damu ya ya kwanza ni nyingi zaidi. Ya pili ina mazungumzo kati ya mume na mke ambayo ni mazito kuliko damu.

Kwa hiyo uchukue ipi?

Kama mko wengi, wazazi na wakwe na vijana, na mnataka kitu kitakachowaweka wote mezani, chukua ya kwanza hata kama wote mmeshaiona. Ina chakula, inaweka wazi nani ni nani, ina muziki wa Nino Rota ule wa tarumbeta ambao watu wataupiga mluzi jikoni. Inavumilia mtu akienda kuchukua chai. Hata Clemenza, mtu wa Don, anawafundisha jinsi ya kupika mchuzi wa nyanya wa watu ishirini, na kweli unapikika.

Kama uko peke yako, au na mtu mmoja ambaye mnaweza kukaa kimya pamoja, na ya kwanza bado iko kichwani mwako vizuri, chukua ya pili. Igawe usiku miwili kama usingizi unakusumbua. Katikati kuna pumziko la asili na hakuna dhambi. Kama ya kwanza uliiona zaidi ya miaka 5 iliyopita, irudie kwanza. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wawili wakiichukia ya pili kwa sababu tu walikuwa wamesahau Vito wa Brando anavyoongea. De Niro hamwigi Brando kwa kelele. Anachukua mkono unavyogusa shavu, sauti inavyotoka kooni, basi. Bila Brando karibu, huoni kazi aliyoifanya.

Ukinilazimisha kuchagua moja ya kubaki nayo, nabaki na ya kwanza. Najua inakwenda kinyume na wengi wanaojua sinema kuliko mimi. Ya pili inanishangaza kila mara. Ya kwanza naikosa nikiwa sijaiona, kama unavyomkosa mtu.

Ya tatu ilitoka 1990, ikiwa na Michael mzee na fedha za Vatikano. Ina mwisho mzuri kwenye jumba la opera la Palermo na haina Robert Duvall, ambaye hakuelewana na studio kuhusu malipo, na pengo la Tom Hagen linaonekana. Mwaka 2020 Coppola aliihariri upya na kuiita Coda. Chukua hiyo, lakini ipe wiki kadhaa baada ya ya pili.

Utakutana pia na toleo lililopanga ya kwanza na ya pili kwa mfuatano wa miaka, kuanzia 1901. Lilitengenezwa 1977 kwa ajili ya televisheni ya NBC na lina vipande ambavyo havimo sinemani, kwa hiyo aliyezimaliza zote atafurahia. Usianzie hapo. Ukipanga kwa miaka, pea inakaa saa nyingi mbali na kile kigari, na havitakutana tena kichwani mwako. Halafu mwanzoni kabisa kuna Vito mtoto, kwenye kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, amewekwa karantini peke yake, miguu haifiki chini kwenye kiti, Sanamu ya Uhuru iko nje ya dirisha, na mtoto ambaye hakusema neno anaanza kuimba. Sini hiyo inataka uwe umeshamjua mzee atakayekuwa.

Na ukishamaliza ya pili, kabla hujazima, rudi kwenye ya kwanza dakika chache tu, harusini. Mpiga picha amewapanga wote na Don anakataa: picha haipigwi mpaka Michael afike. Sini inakwenda zake. Baadaye Michael amekuja, anamvuta Kay kwa mkono naye aingie, ingawa Kay anasita. Wanajipanga, wanatabasamu kuelekea kamera. Simamisha picha hapo.